Zuurakan-eje na Dirisha la Mbele

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuzalisha katika hospitali yetu ya uzazi, mkunga Zuurakan Toktosunova anastaafu leo, tarehe 31 Desemba. Sote humwita Zuurakan-eje, yaani dada mkubwa. Hata mganga mfawidhi, anayemzidi umri, humwita hivyo akiwa na shida. Mganga mfawidhi ameniomba mimi, mwenzake wa kazi, niandike salamu za kumuaga zenye mambo ya kufurahisha. Nitajitahidi.

Sauti ya eje inajulikana hadi sokoni. Kwetu ndugu hawaingii wodini. Husimama uani, na mama humwinua mtoto kwenye dirisha la wodi ya mbele wamwone. Kijana mmoja aliyezidiwa na furaha alianza kurusha vijiwe kwenye kioo, eje akafungua dirisha: "Wewe! Mkeo kazaa, hajafungwa jela! Nenda kanunue nyama!" Kijana alirudi na kondoo mzima, na wodi nzima tulikula.

Wanawake wa Kilyuli hawakuwa na dirisha hilo. Nawasema wale wa ng'ambo ya mto, ambao wengi wetu tunawajua kwa kuombaomba sokoni tu. Chumba chao ni namba tisa, mwisho wa korido, kinachotazama ukuta wa tanuri la makaa. Mlangoni hapajaandikwa kitu. Akifika Mlyuli, anatazamwa ngozi na skafu, kisha anaonyeshwa kwa kidole.

Majira ya baridi fulani alilazwa humo Mavluda, uzazi wake wa kwanza. Usiku, baada ya kujifungua, akasema anatokwa na damu nyingi. Daktari wa zamu akajibu, "Hao hawafi hao. Wanazaa njiani na kuendelea kuomba. Asubiri." Eje alipoingia asubuhi alimkuta ameshakufa, mwili umepoa, mtoto analia ubavuni pake.

Uani, mama mkwe wa Mavluda, Sanobar, alikuwa akipita chini ya kila dirisha. "Mavluda! Mwanangu, tuonyeshe basi!" Eje alimbeba mtoto hadi wodi ya mbele, akamwinua kwenye kioo. Ndugu waliokuja na Sanobar wakapiga makofi. Kisha wakaona ni nani aliyemshika, na kwamba eje analia.

Tangu siku hiyo, eje akiwa zamu, kila Mlyuli alilala wodi ya mbele. Barua za onyo alizipata, akazifungia samsa, zile sambusa zake za tanuri. Mgonjwa mmoja alipolalamika kwamba hawezi kulala karibu na ombaomba, aliambiwa, "Sawa, kipenzi. Namba tisa ina nafasi, tena ina joto." Hakulalamika tena.

Tatizo ni kwamba eje akitoka zamu, walirudishwa namba tisa. Basi wanawake wakajifunza ratiba yake, wakawa wanabana uchungu nyumbani mpaka aingie kazini. Wapo waliofanikiwa. Wengine walijifungulia langoni, juu ya mkokoteni wa punda, kabla hajafika. Aliwagombeza huku akikata kitovu, na mimi naamini hilo ndilo lililomzeesha kuliko miaka.

Jana, zamu yake ya mwisho, walikuja watatu. Hakuna hata mmoja ambaye mimba yake ilikuwa imetimiza miezi minane. Oydin ndiye aliyewasemea: "Eje, tuchome sindano ya uchungu. Tuzae leo, kabla hujaondoka."

Eje alicheka. "Mna wazimu nyie! Mtoto ni mkate, useme uutoe tanurini kwa vile una haraka?" Halafu akaketi kwenye ngazi, akajifunika uso kwa skafu, na kwa muda mrefu hakuna aliyethubutu kumsogelea. Baadaye aliwapima wote watatu, wodi ya mbele, akawarudisha kwao.

Eje, asante kwa mikono yako, kwa sauti yako, na kwa samsa. Leo tutakuvisha joho la mahameli, na mganga mfawidhi atahutubia. Tunakuombea afya njema, miaprikoti yako izae sana, nawe upate usingizi usiokatizwa na mtu kubisha langoni.

Oydin na wenzake watajifungua Februari na Machi. Zamu zitakuwa zetu.