Popo wa Dari la Mama Birika

Mvua ilikuwa imekatika punde, na lami ikatoa mvuke mwembamba uliopanda hadi magotini mwa wapita njia, hata ukawaona kama wanaelea. Benchi la kona, kati ya kibanda cha kinyozi na meza ya fundi saa, lilikuwa limefutwa kwa gunia, na wenyewe walikuwa wamekaa. Mama Birika alikuwa kwenye kigoda chake nyuma ya jiko la makaa, macho mazito kama yaliyotiwa mchanga. Hakulala. Usiku kucha popo walikwaruza darini, juu ya kitanda cha binti yake mdogo, na kulipokucha alikuta kinyesi chao kwenye shuka. Leo wanaume wa kijiweni walikuwa wameahidi kuwafukiza watoke. Kipande cha tairi na mfuko wa pilipili kavu vilikuwa tayari chini ya benchi. Kilichobaki ni moto, na moto ulikuwa wake. Wakakubaliana: kahawa ikiisha, makaa yanabebwa.

Aliyeleta habari asubuhi, kwamba popo wana virusi, ni Bwana Habari, karani mstaafu ambaye redio yake haimbanduki begani.

— Wanasayansi wameilisha kompyuta mambo ya wanyama wa porini wote, alirudia kueleza. Anakula nini, analala wapi, ni ndugu wa nani. Halafu kompyuta inatabiri: huyu na huyu wana virusi vya kumwingia binadamu.

— Bila kuwapima? aliuliza Kinyozi.

— Kwanza inanyoosha kidole. Kupima ni baadaye. Huwezi kumpima kila panya wa dunia hii.

— Hiyo mbona ni kazi yangu. Mimi mtu akitokea kule mbali nimeshajua ana mba.

— Wewe kila mtu kwako ana mba, alisema Fundi Saa bila kuinua uso kwenye saa aliyokuwa akiifungua. Una dawa ya kuuza.

Mama Birika alimimina. Mkono ulijua njia wenyewe. Yeye alikuwa nusu hapa, nusu kwingine.

— Siri ni manyoya, Kinyozi aliendelea. Asiye na manyoya hana kitu. Wahenga hawakuwa wajinga waliposema samaki mkunje angali mbichi. Ni kwa sababu hata mbichi hakuambukizi.

— Siri ni undugu, alisema Bwana Habari. Nyani ni binamu yetu. Ugonjwa wa ndugu haupigi hodi.

— Basi shemeji yangu ni hatari kuliko nyani, alisema Fundi Saa.

— Shemeji yako hana virusi, Fundi. Ana njaa.

Walicheka, na kicheko chao kilimfikia Mama Birika kutoka mbali, kama watu wanaocheka ng'ambo ya mto. Katika mvuke wa barabarani aliona wanyama wakipita mmoja mmoja: nyani ameshika kofia mkononi kama mtu anayekwenda kuposa, panya wa porini na watoto wao mgongoni, samaki aliyekunjwa kama bangili. Hakuna aliyemtazama. Alijiuliza tu nani atafagia nyayo zao.

— Nyote mmepotea, alisema Fundi Saa. Sasa aliweka saa chini. Popo analala mchana, anatuota sisi. Sisi tunalala usiku, tunamwota yeye. Pale ndoto zinapokutana ndipo kirusi kinapovukia.

Hapo hakucheka mtu. Mama Birika alishtuka, kwa kuwa alfajiri, katika lepe la usingizi aliloliiba, alimwota binti yake akining'inia kwenye boriti, kichwa chini, amelala vizuri kabisa. Na yeye mama, badala ya kupiga kelele, alisimama pale akiwaza sare ya shule itapigwaje pasi ikikunjika namna ile.

— Bwana Habari, aliita. Redio ilisema popo wanavyo hivyo virusi?

— Ilisema popo wamo.

— Nakuuliza, wanavyo?

— Ilisema huenda wanavyo.

— Asubuhi hukuniambia huenda.

— Huenda zilikuwa nyingi mno, mama. Nilizipunguza ili habari itembee.

Mama Birika alimtazama, kisha akaliangalia lile tairi.

— Huenda au si huenda, alisema Kinyozi, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuwafukize leo hii hii.

Ndipo akatokea mwanamke na godoro lililoviringishwa kichwani, mtoto mchanga mgongoni. Alisimama akiuliza chumba cha kupanga kilicho nyuma ya kibanda cha kinyozi. Ni chake kuanzia leo.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Kinyozi akimsogezea nafasi. Kaa, dada. Kimebaki kikombe kimoja.

Mwanamke alikaa, godoro akaliegemeza mapajani. Alipuliza kahawa, akauona ule mfuko wa pilipili na tairi chini ya benchi.

— Mnachoma nini?

— Tunafukuza popo. Wamejaa darini kwa mama huyu, na wana magonjwa.

— Wakitoka kwake, watakwenda kulala wapi?

Hakuuliza kwa kejeli. Alitaka kujua. Kinyozi alitazama bati lililopinda la kibanda chake. Nyuma yake kulikuwa na paa la chumba cha mgeni, pembe imeachama kiasi cha kupita ngumi. Bwana Habari alizungusha kitufe cha redio, ikakoroma, akaizima. Fundi Saa alichukua saa yake akaiweka sikioni, kama vile ingemnong'oneza.

Kinyozi akanyanyuka na koleo.

— Kahawa imeisha, mama. Tubebe makaa.

Mama Birika alijaza birika maji, akaliteleka jikoni, juu ya makaa yote.

— Moto huu una kazi.

— Na popo?

— Wewe si umetaja ufa? Ubao wa dari juu ya kitanda cha mwanangu una ufa. Lete ubao na misumari, uzibe kwa chini. Wao wabaki kwao juu, sisi kwetu chini. Mtoto atalala chumbani kwangu. Shuka nitalichemsha kwa maji haya.

Akamgeukia mgeni.

— Wewe usitandike bado. Nikimaliza hapa twende wote tukalitazame dari lako.

Jua lilikuwa limeshuka. Kwenye pembe ya paa la Mama Birika, ng'ambo ya barabara, popo wa kwanza alichungulia, akajiachia, wengine wakamfuata, mpaka anga la kona likawa kama shuka jeusi linalokung'utwa taratibu. Wote wanne pale benchini waliinua nyuso. Mama Birika naye alitazama kidogo. Kisha akavifudikiza vikombe, kimoja kimoja, na kulifunika birika.