Missing Si Lost

Asubuhi moja ya mwaka arobaini na nne, benchi la Abasi muuza kahawa, kando ya soko la Moshi, lilishajaa wateja wake wa kila siku. Katikati alikaa mgeni, mzee Aristides wa Mwika, ameshika karatasi ya jeshi kwa mikono miwili. Mwanawe Sirili alikuwa vitani Burma. Kijijini walishamsomea karatasi: Sirili amepotea. Wakalia, na misa ya marehemu ilikuwa isomwe kesho. Lakini neno la Kizungu lililoandikwa pale lilimsumbua mzee. Akashuka mjini na mkewe kumtafuta Yunusu, aliyeitwa Kijiko kwa kuwa aliwapikia Wazungu miaka kumi na minane.

— Soma tena, Kijiko.

— Missing. Hawakuandika lost, mzee wangu.

— Si yote ni kupotea? aliuliza Fikirini, fundi cherehani, waliyemwita Redio kwa kujua habari za kila vita.

— Kwako wewe. Bwana wangu akihesabu vijiko, viwili havipo, anasema missing. Hatuli mpaka vionekane. Pete ya mkewe ilipochukuliwa na maji ya mto Rau, mama yule akasema lost, akavaa nyingine.

Aristides alimsogelea.

— Kwa hiyo nafasi yake bado iko?

— Iko, mzee. Na wanaiangalia.

— Basi hata sahani yake wanamwekea kila jioni, alisema Redio.

— Na risasi haimpati, alisema Abasi. Mtu hajulikani alipo, risasi itamjuaje?

— Huenda ameshakuwa mangi, chifu kabisa, huko porini, watu wanamwinamia, aliongeza Redio.

Hakuna aliyecheka. Abasi alishika birika hewani, akasahau kumimina.

Mektrida, mkewe Aristides, alifika kutoka sokoni, kapu kichwani.

— Shikamoo mama, walisema.

— Marahaba. Mnasemaje juu ya mwanangu?

Kijiko akamweleza yote, taratibu, pamoja na vijiko na pete. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

— Na Sirili mwenyewe, anajua kwamba amepotea?

Kijiko alimrudishia Aristides karatasi.

Aristides aliinuka, akakunja karatasi.

— Twende kwa padre kabla ya misa ya kesho, mama Sirili.

Kesho yake misa ilisomwa. Padre alipofika kwenye jina la Sirili, hakulitaja pamoja na marehemu. Alilitaja pamoja na wasafiri.