Kibao cha Pamba Katika Shamba la Karanga

Habari ya kibao niliipata kwanza kwa mama mkwe wangu, Dorothée. Alitoka mtoni na ndoo kichwani, akaniambia watu wa mradi wa pamba hapa Fizi wamesimamisha kibao katika shamba langu la pale njiani, kimeandikwa PAMBA NI KESHO YA FIZI. Baadaye agronome Eddy, bwana shamba wa mradi, alipita akaniachia mfuko wa mbegu zilizopakwa dawa ya kijani. Alisema shamba limechaguliwa kwa utafiti kwa kuwa kila apitaye barabarani ataliona. Mvua imefika, mbegu ziingie udongoni kesho. Hakungoja jibu, nami ni mtu wa kunyamaza. Pale nilitaka kupanda karanga. Mtoto wangu Tania ameachishwa kunyonya, uji wake ni wa karanga hizo, na pamba haitafunwi. Dorothée aliona uso wangu, akanong'ona:

— Wakati ya pamba ya lazima, mama yangu na benzake balikuwa banakaanga mbegu mbele ya kupanda. Haikuotaka ata moja. Muzungu akasema udongo iko mubaya.

Jioni nilipeleka birika la kahawa kijiweni kama kawaida. Benchi lenyewe ni boriti iliyotoka katika ghala la zamani la pamba, lile lisilo na mabati. Wenye benchi ni watatu. Eugène tunamwita Ministre, yaani waziri, kwa sababu aliwahi kumshikia ministre mmoja mwavuli. Dany ni Satellite, ana pikipiki na habari za dunia nzima. Dieumerci ni Gramu. Alirudi kutoka machimbo ya Lulimba bila dhahabu, lakini bado anapima kila kitu kwa gramu. Mume wangu Placide bado yuko kulekule Lulimba, anachimba.

Ministre alikuwa amevaa fulana mpya ya mradi.

— Bamefanya muzuri kuchagua shamba ya Placide, alianza. Kesho usine ya kutengeneza nguo iko hapa, kesho kutwa aéroport. Pamba ya Fizi itafunga bidonda ya dunia yote!

— Na weye unatoka jasho ya nini? Satellite akamwuliza. Iyo fulana ya pamba iko nailoni!

— Iko pamba ya kisasa.

— Bongo, unadanganya! Iko nailoni!

— Satellite, penye miti hapana wajenzi.

— Miti gani sasa?

— Ya pamba!

Niliwaongezea kahawa. Neno karanga lilikuwa mdomoni, likakaa hapohapo.

— Musikilize, Satellite akasema. Mi nilisikia ku Uvira. Pamba na wingu biko ndugu, muangalie tu rangi yabo. Ukipanda pamba mingi, mawingu inashuka kuisalimia. Mvua yote ya Nundu itakuja kunyesha hapa kwetu. Batu ba Nundu batatushitaki!

Gramu alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Bote munalala. Muzizi ya pamba inashukaka chini, chini kabisa, inakunywa dhahabu. Juu ya nini agronome anachukuaka majani anatia mu sashe ya plastiki? Anaenda kupima! Jani moja, gramu moja. Njo utafiti yabo.

— Basi we miaka yote ulikuwa unachimba ya nini? Satellite akamwuliza. Ungekula majani!

— Kidole kimoja hakivunje chawa, Gramu akajibu. Hakuna aliyejua chawa ameingiaje.

— Na mwenye shamba alikubali? Satellite akauliza.

— Placide? Ministre alininyooshea kikombe bila kuniangalia. Iko Lulimba. Mwenye hayuko na yake haiko. Tumeshamaliza. Mama Tania, ongeza.

Nikaongeza.

Ndipo akaja mama Godelieve, mchuuzi, ameshuka katika mtumbwi uliotoka Ubwari na kitunga cha samaki wakavu. Aliketi mwisho wa benchi, akapokea kikombe, akawasikiliza kidogo wakirudia usine, mawingu na dhahabu. Kisha akauliza:

— Iyo shamba, nani analimaka?

— Placide! wakajibu wote.

— Si munasema iko Lulimba?

— Iko Lulimba.

— Na jembe alienda nayo?

Gramu alimtazama Satellite. Satellite aliitazama pikipiki yake. Ministre alijivuta fulana iliyomgandia mgongoni.

— Basi mwenye kulima anasema nini?

Niliinamisha birika, likatoa mashapo tu.

— Kahawa imeisha, nikasema. Ndilo neno pekee nililolitoa jioni ile.

Wanaume walisimama, wakaondoka wakibishana juu ya nailoni. Godelieve alibaki akiiangalia miguu yangu yenye udongo wa shamba.

— Mama, akasema polepole, mi nilikuwa nauliza weye.

Asubuhi yake niliwasha moto, nikaweka kigae cha kukaangia juu ya mafiga. Kilipopata moto nikafungua mfuko wa mbegu za kijani. Halafu nikaufunga tena. Mama yake Dorothée alikaanga kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Mimi nilikuwa nimeulizwa.

Nilimfunga Tania mgongoni, nikaupeleka mfuko kwa agronome Eddy. Nilimkuta anapiga mswaki.

— Agronome, mi napanda karanga.

Alitema povu.

— Na kibao?

— Ibaki. Haikulake karanga.

Nikaenda shambani, nikaanza mstari wa kwanza pale chini kabisa ya kibao.