Fundi Aliyekataa Kutoboa Shingo ya Gitaa

Marehemu, ambaye karibu wote mliopo hapa mlimwita Fundi tu, alikuja duniani tarehe 14 Juni 1959, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao. Baba yake alikuwa seremala wa milango na mama yake alifua nguo za watu. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Kaka yake alimtangulia kwa miaka mitatu, na tangu utotoni mambo yakawa hivyo: kaka mbele, yeye nyuma na mizigo.

Alisoma shule ya msingi na kuimaliza mwaka 1973, akiwa wa kwanza darasani kwa hisabati na kazi za mikono. Nafasi ya sekondari aliipata. Lakini nyumba yao ilikuwa na uwezo wa kusomesha mmoja, na huyo mmoja alikwisha kuanza. Marehemu akashika randa. Wanaosema kwamba alimwonea kaka yake kijicho tangu siku hiyo hawakumjua. Ndiye aliyekuwa akimpigia pasi shati la shule kila Jumapili.

Baada ya kujifunza useremala kwa baba, na kisha umeme kwa fundi redio wa mtaani, mwaka 1983 alikodi nusu ya chumba kando ya barabara ya soko. Nusu ya pili ilikuwa ya binti mmoja fundi cherehani. Wakati huo kaka yake alikuwa mpiga solo wa bendi inayopendwa mjini, na siku moja akamletea gitaa la umeme lenye mkono wa kutikisa sauti. Ukiubonyeza mkono ule, nyuzi hulegea na gitaa hulia kama mtu anayebembelezwa. Tatizo lilikuwa moja: ukiuachia, nyuzi hazikurudi mahali pake, na wimbo wote ukaharibika.

Dawa iliyojulikana ilikuwa kibano cha chuma. Kilifungwa kwa skrubu pale shingo ya gitaa inapokutana na kichwa, kikazibana nyuzi zisisogee kabisa. Lakini ili kukifunga kwenye gitaa lile ilibidi shingo ichongwe, kisha itobolewe matundu mawili mpaka upande wa pili. Marehemu aligoma.

"Kaka, hapo ndipo mbao ilipo nyembamba kuliko kote. Ukitoboa umeiua."

"Wenzangu wote wameweka."

"Basi wape hao wenzako gitaa lako walitoboe. Mimi simo. Nyuzi kusogea si kosa, kaka. Kosa ni kusogea halafu zisirudi."

Akachonga kidaraja kidogo cha mfupa wa ng'ombe, akakipigia mifereji kwa tupa nyembamba, kila mfereji kwa unene wa uzi wake, laini kiasi kwamba uzi uliteleza kwenda na kurudi bila kukwama. Ndani ya mifereji akapaka unga wa risasi ya penseli. Kichwani akaweka funguo za kukazia zenye skrubu ya kuushika uzi, ili usizungushwe mara nyingi ukaja kulegea. Shingo hakuigusa. Kaka alibonyeza mkono mpaka nyuzi zikaning'inia kama kamba za kuanikia nguo, akauachia, akapiga. Sauti zilikuwa palepale. Kwa miaka kumi gitaa lile lilipigwa hivyo.

Mfupa huo ndio uliomletea mke. Aliuchemsha kwenye jiko la pasi la jirani yake, kisha akauanika juu ya meza ya kukatia vitambaa.

"We fundi, unatengeneza gitaa au unapika supu?" binti akafoka. "Wateja wangu wanakimbia harufu!"

"Wakikimbia, mimi nitabaki."

"Ubaki kwa nani? Toa mifupa yako hapa!"

Aliitoa. Kesho yake akaja na meza mpya ya kukatia, aliyoichonga mwenyewe. Walifunga ndoa tarehe 5 Septemba 1987, na meza hiyo bado inatumika.

Tunafika mwaka 1994, na aya hii haitasomwa kwa haraka. Jumamosi tarehe 10 Desemba, bendi ilipiga onyesho la mchana katika ukumbi mkubwa wa mji. Katikati ya wimbo wa pili sauti ya gitaa ikapotoka, ikakataa kurudi. Kaka akashika kipaza sauti: "Jamani, samahanini. Gitaa hili kalitengeneza mdogo wangu. Anatumia penseli!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Marehemu alikuwa amekaa mstari wa nne na mke wake. Kuanzia siku hiyo aliitwa Fundi Penseli.

Jumatatu yake gitaa liliwekwa mezani kwake, na mke wake alikuwapo. Nyuzi hazikuwa zile alizozifunga yeye. Kaka alikuwa amebadilisha asubuhi ya onyesho na kuweka nene, ilhali alikwisha kuambiwa tangu mwanzo kwamba akibadilisha unene lazima mifereji ipanuliwe. Zilikuwa zimekaa juu ya mifereji kama mtu mzima aliyekwama kwenye kiti cha mtoto.

"Umeona mwenyewe," marehemu alimwambia kaka yake. "Nenda ukawaambie."

"Wakijua ni uzembe wangu watanitoa kwenye bendi."

Na mama yao, aliyeitwa kusuluhisha, alimshika marehemu mkono akasema: "Mwanangu, mwache kaka yako ale. Wewe una mikono." Marehemu akanyamaza. Mikono ikabaki, wateja wakaondoka. Wanamuziki hawakumletea tena magitaa. Akamalizia umri wake akitengeneza viti na bawaba za makabati, fundi ambaye sikio lake lilisikia uzi uliolegea akiwa upande wa pili wa barabara. Gitaa lile lilipelekwa kwingine, likatobolewa, likafungwa kibano. Baada ya miaka miwili shingo ikapasuka kwenye matundu. Hilo halikutangazwa kwa kipaza sauti.

Vumbi la mbao na la mifupa lilimkaa kifuani. Alianza kukohoa mwaka 2019, na Januari mwaka huu wa 2023 akalazwa. Kaka yake alikuja kumwona akiwa na machungwa.

"Kaka, mama hayupo tena," marehemu alimwambia. "Liseme sasa. Kwa mdomo wako."

"Pona kwanza, mdogo wangu. Tutaongea ukitoka."

Marehemu aligeukia ukutani. Hakutoka. Alifariki Ijumaa tarehe 3 Machi, saa nne asubuhi, mke wake akiwa amemshika mkono.

Familia ilipokutana kupanga mazishi haya, iliombwa aya ya mwaka 1994 iondolewe, kwa kuwa msibani si mahali pa kesi. Mjane alijibu: "Shemeji, miaka yote hii nilikuachia wewe uiseme kweli hii. Leo itasomwa." Basi ijulikane kwa kila aliyekuwapo ukumbini siku ile na kila aliyehadithiwa: gitaa lilikuwa zima. Kazi ya marehemu haikuwa na kosa.

Marehemu ameacha mjane, fundi cherehani, watoto watatu, yaani fundi umeme, muuguzi na binti aliyehitimu chuo mwaka jana, wajukuu wanne, na kaka mmoja, ambaye ratiba imempa nafasi ya kuzungumza mara tu baada ya wasifu huu.

Lala, Fundi. Mungu akupe pumziko ambalo ndani yake humtunzii mtu siri.