Mkunga Aliyeambiwa Hajazaliwa: Historia ya Mama Evangelina Kokwijuka

Ndugu waombolezaji, majirani wa Nyakatuntu, na ninyi mliotoka Igurwa na Chonyonyo tangu alfajiri, familia inawasalimu, inawashukuru kwa kufika, na inawaomba mkae vizuri, kwa sababu historia hii haitakuwa fupi. Tangu asubuhi watu wawili wamemfuata msomaji, kila mmoja kwa wakati wake, wakimwomba sehemu fulani ziachwe ili msiba uende kwa amani, na familia imewajibu wote wawili kwamba marehemu hakuachiwa amani alipokuwa hai, kwa hiyo leo ataelezwa kama alivyoishi. Anayewasomea ni mdogo wake, Aristides.

Mama Evangelina Kokwijuka alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 kijijini Igurwa, wilayani Karagwe, mtoto wa pili wa mwinjilisti Lameck na mama Auleria, wakulima wa migomba na kahawa, na alibatizwa tarehe 21 Aprili mwaka huohuo, siku ya Pasaka, katika kanisa la Kilutheri ambalo baba yake alisaidia kuliezeka. Mama Auleria alizoea kusimulia kwamba maji yalipomgusa hakulia kama wenzake, alipiga chafya, mchungaji akacheka na kanisa zima likacheka, na mpaka uzeeni Evangelina alipenda kusimuliwa hivyo, kana kwamba alikuwapo na anakumbuka.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Igurwa hadi darasa la saba mwaka 1971, akapata kipaimara mwaka uliofuata, kisha mwaka 1974 akaenda kusomea uuguzi na ukunga katika hospitali ya misheni, ambako pamoja na mengine alifundishwa jinsi ya kumfufua mtoto asiyevuta pumzi, na jinsi ya kumbatiza pale inapoonekana pumzi haitakuja na mchungaji yuko mbali. Alihitimu mwaka 1977, na Januari 1978 akapangiwa zahanati ya hapa Nyakatuntu, wakati huo Kyerwa, wilaya yetu ya sasa, bado ikiwa sehemu ya Karagwe, akakaa hapo mpaka alipostaafu mwaka 2017, na familia haina haja ya kueleza alifanya nini miaka yote hiyo, kwa sababu nusu ya waliokaa kwenye maturubai haya walipokelewa duniani na mikono yake.

Mmoja wao atajwe. Machi 1983 alizaliwa mtoto wa kiume, amekuwa wa bluu, hana sauti, mama yake anatokwa na damu, na Evangelina alikuwa peke yake, akamshughulikia mama kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono mwingine, na alipoona mtoto anakwenda alichota maji kwa kikombe cha chai akambatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, akamwita Elpidius, jina la babu yake. Mtoto akakohoa. Usharika uliukubali ubatizo ule, haukuurudia, na mtoto yule leo ni mzee wa kanisa, ameketi pale mbele amevaa koti jeusi, na ni mmoja wa wale wawili waliomfuata msomaji asubuhi.

Tarehe 27 Desemba 1980 Evangelina alifunga ndoa na Nestory Rwegoshora, mkulima wa hapa Nyakatuntu, Mkatoliki, na wako waliosema ndoa ile haitadumu, Jumapili mmoja anakwenda misa na mwingine ibadani, lakini padri alimwambia Evangelina maneno haya, "Umeshabatizwa, mama, mimi sina maji mengine ya kukumwagia," na mchungaji akamwambia Nestory hivyohivyo, na kwa miaka thelathini na saba walitoka pamoja asubuhi, wakaachana njia panda, wakakutana tena mchana kwenye chakula.

Mtoto wao wa kwanza alizaliwa Oktoba 1981, kabla ya miezi yake, humu ndani ya nyumba hii, Nestory akiwa shambani, na mkunga hakuwa na mkunga. Alijizalisha mwenyewe, akaona kifua cha mtoto kinavyohangaika, akajua, akajivuta mpaka kwenye mtungi, akambatiza mwanawe kwa kiganja na kumwita Lameck. Nestory aliporudi alimkuta mtoto amefungwa kitenge na mama yake anamwimbia, mtoto amekwisha kufariki. Padri na mchungaji walikuja wote wawili kumzika pale kibanjani, kwenye shamba la nyumbani, nyuma ya mibuni, na hakuna aliyeuliza kama maji yalitosha. Baadaye walijaliwa Projest, mwaka 1984, na Jenifa, mwaka 1988.

Sasa familia inafika mahali ilipoombwa na yule wa pili iparuke.

Projest alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na lazima isemwe kwa haki kwamba alikuwa anakunywa, anampiga mkewe, na mwaka 2010 alipookoka kwenye mkutano wa injili mjini Kayanga aliacha pombe na hakumwinulia tena mkewe mkono, na mama yake alipiga magoti kumshukuru Mungu. Hakuna aliyemlaumu kwa kuokoka. Mwaka 2014 aliacha ualimu akaanzisha kanisa lake Chonyonyo, na hapo ndipo alipoanza kufundisha kwamba aliyebatizwa mtoto hajabatizwa, ameoshwa uso tu, kwamba mtu hazaliwi mara ya pili mpaka aamini kwa akili yake mwenyewe na azamishwe kwenye maji mengi, na kwamba wazazi wake, pamoja na wema wao wote, walikuwa bado hawajazaliwa. Nestory alipofariki mwaka 2018, Projest alisimama kwenye kaburi la baba yake akawaambia watu wasidanganyike kwamba marehemu amelala salama. Evangelina alisikia. Alikuwa amesimama karibu yake, amemshika mkono.

Baada ya hapo Projest akawakataza wajukuu kuja huku. Alisema watoto wake hawatalelewa na mtu aliye gizani, na kwa miaka mitatu bibi aliwaona wajukuu wake kwenye simu ya Jenifa tu, mpaka Septemba 2021 alipochoka, akapanda bodaboda mpaka Chonyonyo, akamwambia mwanawe, "Nifanyieni mnavyotaka, niwaone watoto." Walimpeleka kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe, mwanamke wa miaka sitini na minne mwenye moyo mgonjwa, na kabla ya kumzamisha Projest alimuuliza mbele ya watu kama anakiri kwamba alichofanyiwa utotoni hakikuwa ubatizo, hakikuwa kitu. Akasema ndiyo. Wakamzamisha, wakaimba, wakampa wajukuu awakumbatie akiwa bado amelowa.

Aliporudi nyumbani hakula. Jenifa alimuuliza anaumwa wapi, akajibu, "Nimemkana Lameck." Jenifa akadhani anamsema babu, yule mwinjilisti, lakini mama alikuwa anatazama dirishani, kule kwenye mibuni.

Siku chache baadaye alirudi Chonyonyo, Jenifa akiwa naye, na yaliyosemwa pale familia inayajua kutoka kwa Jenifa, naye yuko hapa, hajafa, aulizwe.

"Projest, nimekuja kuchukua neno langu," mama alisema.

"Neno gani, mama?"

"Ile ndiyo niliyoitoa bwawani. Kama maji yangu ya utotoni si kitu, basi na ya kaka yako si kitu, na mimi ndiye niliyemmwagia kwa mkono huu."

Projest alijibu kwa upole, hilo nalo lisemwe. "Mama, usijitese. Lameck alikuwa mchanga, hana kosa, Mungu alimpokea bila maji yoyote."

"Kama yeye alipokewa bila maji, mimi kwa nini nisipokewe bila bwawa?"

"Wewe ni mtu mzima, mama. Mtu mzima lazima achague."

"Mimi nilichaguliwa," mama akasema. "Nilikuwa mgongoni kwa mama yangu, sijui hata jina langu, nikachaguliwa. Hicho ndicho unachotaka nikitupe."

Jumapili iliyofuata Projest alitangaza madhabahuni kwamba mama yake amerudi nyuma, na wajukuu wakafungiwa tena.

Mtu angedhani kwamba aliyefukuzwa kule angepokewa huku, kwenye kanisa lililombatiza. Evangelina alikwenda mwenyewe kwenye usharika wake, hakuitwa, akawaeleza wazee bwawa na ndiyo aliyoitoa, akaomba kutubu. Mzee Elpidius ndiye aliyejibu kwa niaba ya baraza, akasema utaratibu unajulikana, aliyebatizwa mara ya pili ameukana ubatizo wa kwanza, anatengwa na Meza ya Bwana mpaka atubu mbele ya usharika wote.

"Ndiyo maana nimekuja, mwanangu," akasema. "Nitasimama hata Jumapili hii."

Basi kwa nini hakusimama? Wengi wenu mmeuliza, na wengine mmejijibu wenyewe, kwamba mama Evangelina alikuwa na kiburi, kwamba alikufa na mguu mmoja kila upande, na maneno hayo yamezunguka kata nzima yakarudi mpaka kitandani kwake. Familia inawaambia leo, na hili ndilo ambalo mzee Elpidius aliomba lisisomwe. Waliandaa maneno ya kutubu, wakampa ayakariri, na ndani yake alitakiwa kusema kwamba alidanganywa na nabii wa uongo, na kumtaja nabii huyo kwa jina, Projest Rwegoshora wa Chonyonyo, ili usharika ujihadhari naye. Akawaambia, "Kosa langu nitalitaja. Mwanangu simtaji." Wakamwambia toba nusu si toba. Akasema, "Basi nitakaa."

Akakaa. Kwa karibu miaka minne alikwenda ibadani, akakaa benchi la nyuma, na wenzake walipoinuka kwenda Mezani yeye alibaki ameketi, mwanamke aliyewabatiza watoto wa kanisa hilo kwa maji ya kikombe wakati hakuna mwingine wa kuwabatiza. Wengine mlipita karibu yake mkirudi kutoka Mezani, mkasogeza kanga zenu. Mnajijua.

Projest hakuyajua haya. Mama alimkataza Jenifa kumwambia, alisema mtoto asibebeshwe. Anayasikia sasa, pamoja nanyi, na familia haioni sababu ya kumwonea huruma asiyasikie.

Juni 2024 miguu yake ilianza kuvimba, pumzi ikawa fupi, madaktari wakasema ni moyo uliopanuka, akalazwa na kuruhusiwa, akalazwa tena, na mwezi Julai mwaka huu alipoona hatainuka alimtuma Jenifa kuomba aletewe Chakula cha Bwana kitandani. Jibu lilirudi kwamba atubu kwanza mbele ya usharika. Alikuwa hawezi hata kukaa. Wiki iliyofuata alikuja Projest na waumini wake, wakaimba, wakaomba, wakalia, na Projest akainama kitandani akamuuliza, "Mama, uko tayari kuzaliwa upya kabla hujaondoka?" Mama akamshika shavu, akasema, "Mwanangu, nimezalisha watu miaka arobaini. Sijaona hata mmoja aliyejizaa."

Alifariki Jumamosi tarehe 9 Agosti 2025, nyumbani kwake, mikononi mwa Jenifa. Jibu la usharika lilifika kabla ya jeneza kununuliwa, kwamba aliyetengwa hazikwi na kanisa, na la Chonyonyo likafika jioni, kwamba aliyerudi nyuma hazikwi na waliookoka. Kanisa moja lilimtaka amkane mwanawe mfu na lingine lilimtaka amkane mwanawe aliye hai, na yote mawili yanasoma habari za yule mzee aliyemwendea Bwana usiku akiuliza mtu mzima atazaliwaje tena, yanasoma na kubishana kuhusu wingi wa maji, na hapa katikati mwanamke mmoja amekufa bila mkate.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa wauguzi vijana waliomwita mwalimu, wakakesha naye. Inamshukuru mfanyabiashara Bwana Shaaban, aliyeleta maturubai na gari lake bila kuuliza marehemu alikuwa wa dini gani. Inawashukuru wakunga wenzake wa zahanati, na wanawake wa Nyakatuntu waliopika na kuchimba kaburi pamoja na wanaume, na katekista wa kigango cha marehemu mume wake, aliyekubali kutuongoza sala leo, na alipoonywa kwamba atajitafutia maneno akajibu kwamba ameshayapata. Wako ambao familia haiwezi kuwashukuru, na haitajifanya.

Limebaki jambo moja. Jeneza litashushwa kwa kamba, na familia imewapanga washikaji, upande wa kichwani ni Projest, na anayetazamana naye ni mzee Elpidius. Si ombi. Mmoja mama alimzaa, mwingine mama alimpa pumzi, na wote wawili mnajua kwamba hakuna kati yenu aliyemwomba afanye hivyo. Njooni mshike. Mkishusha, mshushe kwa mwendo mmoja na mtazamane, kwa sababu atakayeachia kabla ya mwenzake atamwangusha mama.

Dada Evangelina, wamekuja. Lala, utulie kwa amani.