Papa Préfet Léonard, Aliyeondoka Kabla ya Matokeo

Ndugu, jamaa, walimu, wanafunzi, na ninyi nyote mliokuja kutushika mkono: mimi ni Emérence, kitinda mimba wa nyumba yetu na mdogo wa huyu tunayemzika leo. Familia imeniomba nisome maisha yake nikiwa nimesimama wima, kwa sauti, bila haraka. Kusimama nitaweza. Haraka mnisamehe, kwa sababu barabara mnaijua ilivyo siku hizi, na pia kwa sababu nyumbani kwetu hakuzaliwa mtu mtulivu hata mmoja.

Marehemu Léonard Hangi Bauma alizaliwa Bihambwe, teritware ya Masisi, tarehe 2 Februari 1974. Alikuwa mtoto wa pili wa Papa Théogène Bauma na Mama Élisabeth, wakulima wa maharagwe na muhogo, ambao wote wawili wamekwisha kututangulia. Shamba letu liko kwenye mteremko mkali, na Mama alisimulia kwamba alipokuwa akipalilia alimfunga Léonard mguu kwa kipande cha kitenge kwenye kisiki, asije akabiringika mpaka mtoni. Siku moja aligeuka akakuta kisiki na kitenge tu. Aliyetumwa kumtafuta ni kaka yetu mkubwa, Grégoire, ambaye naye alikuwa bado mdogo. Alimkuta kwa jirani, anatafuna muwa, hana habari. Tangu siku hiyo ikawa kazi ya Grégoire kumfuata Léonard alikokwenda, na kazi hiyo hakuwahi kustaafu.

Alianza shule ya msingi pale pale Bihambwe mwaka wa 1980, kisha akasoma sekondari Masisi, upande wa hesabu na fizikia. Alikuwa mwaka wa mwisho, 1993, machafuko yalipotutoa kwetu. Baba na Grégoire walibaki na shamba. Mama alitupeleka sisi wengine Itebero, kule msituni Walikale, ambako gari ni mguu. Léonard alifanya Mtihani wa Serikali mwaka uliofuata. Wakati ule matokeo yalisomwa redioni, shule kwa shule. Kijiji kizima kilikuwa na redio moja, na mawe yake, yaani betri, yalianikwa juani kila asubuhi ili yapate nguvu kidogo. Yalikata roho msomaji alipotaja tu jina la kituo chake cha mtihani. Watu walimwambia avumilie, kijana, habari itafika yenyewe. Wapi! Aliondoka palepale kwenda kutafuta redio nyingine, kijiji hata kijiji, akarudi kesho yake jioni, matope mpaka magotini, amepita.

Mnajua desturi yetu. Mwanafunzi akipata diploma ya Serikali, humwagiwa poda kichwani na usoni mpaka anafanana na ukuta uliopakwa chokaa, na wa kwanza kumwaga ni mzazi wake. Itebero poda hakuna. Mama alichukua unga wa muhogo uliokuwa wa ugali wa jioni ile akaumwaga wote juu ya kichwa cha mtoto wake. Wenyeji walituona wendawazimu. Sisi tulikula sombe tupu, majani ya muhogo bila ugali, na kuku walimfuata Léonard mpaka mtoni.

Baada ya chuo cha ualimu mjini Goma, alianza kufundisha hesabu tarehe 6 Septemba 1999 katika Institut Mapendano, sekondari ya wavulana ya Bihambwe, na mwaka wa 2011 akafanywa préfet, yaani mkuu wa shule. Ofisini alikuwa na kiti kizuri cha mbao ambacho wageni ndio waliokifaidi. Yeye alizunguka. Mzazi aliyekuja na shida yake alilazimika kuieleza huku anamkimbilia nyuma, kutoka darasa moja hadi jingine, na ninasikia wengine walisamehe shida zao njiani. Chini ya mkono wake timu ya mpira ilichukua kombe la shule za sekondari mwaka wa 2016. Mwaka uliofuata ilifungwa, kwa sababu kipa alikuwa amepata sufuri ya aljebra na préfet alikataa katakata kumtoa darasani. Kutoka shuleni pale wametoka wauguzi, walimu, wataalamu wa kilimo, na Abbé Jean de Dieu aliyetusomea misa leo, ambaye aljebra naye haikumpenda sana.

Vita viliporudi shule ilikimbia. Ndiyo, shule nayo hukimbia. Ubao ulifungwa nyuma ya pikipiki, watoto wakapita milimani, na Institut Mapendano ikafunguliwa tena hapa Kitshanga, mgeni katika uwanja wa shule nyingine. Wenyeji walisoma asubuhi, sisi tukaingia mchana, chini ya mahema. Wavulana wakubwa walianza kupungua. Wengine waliitwa na migodi, wengine na bunduki, wengine na pikipiki. Hilo ndilo lililomkosesha marehemu usingizi. Alikuwa akisema kwamba mvulana aliyekosa kuja leo, kesho utamuuliza porini.

Sébastien yuko hapa, mbele, na amenipa ruhusa. Aliacha shule akawa motard, mbeba abiria kwa pikipiki, sokoni. Préfet hakumgombeza. Kila asubuhi alikwenda pale kituoni, akapanda pikipiki yake nyuma, na alipoulizwa anakwenda wapi akajibu, "Wewe endesha tu. Utasimama fasi utanipatia jibu." Kisha akamuuliza swali la fizikia sikioni. Pikipiki ilipanda Kitshanga na kushuka Kitshanga, abiria wengine wanapunga mkono, na mtu huyu hashuki. Sébastien anasema alirudi darasani kwa sababu darasani angalau maswali yalikuwa na mapumziko.

Tarehe 10 Agosti 2002 Papa Léonard alifunga ndoa takatifu na Mama Noëlla, binti wa Itebero, ambaye walifahamiana wakati ule wa ukimbizi. Mama Noëlla si mtu wa maneno mengi. Nilimuuliza siku moja aliona nini kwa mtu huyu asiyetulia, akanijibu, "Wengine walisema watarudi. Yeye njo alirudi, na miguu, toka Bihambwe." Siku ya harusi yenyewe, bwana arusi alipotea kati ya kanisa na karamu. Grégoire alimkuta uwanjani, suti na yote, anatenganisha wavulana waliokuwa wanapigania mabenchi ya wageni. Bibi arusi alikuwa amekwisha kuanza kula. Walijaliwa watoto watatu, Claudette, Jean-Luc na Gaëlle, na nyumba yao haikuwa na mlango unaofungwa, maana kila mwenye swali la hesabu aliingia.

Ugonjwa wa moyo ulimshika mwishoni mwa mwaka jana. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na daktari akamwandikia mapumziko. Mapumziko, Léonard! Mwezi wa sita, siku za Mtihani wa Serikali zilipofika, Mama Noëlla alimfichia viatu. Alikwenda kwenye kituo cha mtihani na kandambili za mke wake, zenye maua, akazunguka nje ya ua kutwa nzima. Ndani ya ua ule walikuwa wavulana wake wa mwaka wa mwisho, wale waliopita milimani na ubao, na kati yao alikuwa Sébastien, na alikuwa Jean-Luc, mwana wake wa pekee wa kiume. Watu walicheka zile kandambili. Mimi pia nilicheka, na sasa zinanikata moyo.

Katikati ya mwezi wa saba alilazwa hospitalini. Aligundua mara moja kwamba simu inashika mtandao kwenye tangi la maji tu, nyuma ya jiko, na wauguzi walichoka kumrudisha kitandani. Kila aliyeingia kumsalimu aliulizwa neno moja kabla ya salamu: "Imetoka?" Matokeo yalikuwa hayajatoka. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 5 Agosti mwaka huu, nilimletea uji. Akaniuliza. Nikamwambia bado, kaka. Akasema, "Ile batoto banangoja bibaya," akageukia dirishani kama mtu anayesikiliza kitu cha nje, na uji haujapoa akakata roho.

Matokeo yalitoka Jumatano, saa sita mchana. Siku moja tu. Nimemuuliza Mungu siku moja ingempunguzia nini, na sikumuuliza kwa upole. Abbé ananijua, tutaongea.

Wavulana walikuja nyumbani Jumatano ile jioni. Wamepita wote isipokuwa wawili. Wawili hao wako hapa, sitawataja, ila wanajua kwamba angekuwa hai angekuwa tayari amegonga mlango wao, na walimu wake wameahidi kwamba mlango utagongwa. Jean-Luc amepita. Walisimama uani nyuso zao safi, mikono nyuma, na kila mmoja alikuwa na kopo la poda mfukoni ambalo hakulifungua. Mji mzima ulikuwa mweupe, honi na vigelegele kila upande, na wana wa Léonard peke yao walikuwa weusi kama siku ya kawaida. Jean-Luc alikuwa amekaa kando ya jeneza, hakuinua kichwa. Mwaka mzima mtoto huyu alisoma chini ya hema linalovuja ili baba yake ammwagie poda. Mwenye haki ya kumwaga alikuwa amelala pale.

Jana jioni familia ilikaa kuamua. Nitasema yaliyosemwa, kwa sababu mmeyasikia nusu nusu huko sokoni. Kaka Grégoire alisema poda ni furaha, na furaha haina kazi kwenye kilio. Kwamba wapita njia watasema wana wa Bauma wanamchezea maiti wao. Kwamba wavulana wangoje mpaka tuondoe kilio. Nilimjibu kwa sauti isiyofaa. Nilimwambia tungoje mpaka lini, nani hapa anajua tutakuwa wapi mwezi ujao, sisi ambao hata kumzika kwao Bihambwe tumeshindwa? Sikujua kwamba hilo la Bihambwe ndilo linalomuuma Grégoire kuliko yote. Kaburi alikuwa amelichagua kichwani mwake, juu ya shamba, karibu na Baba, na barabara imemkatalia. Alikuwa amebaki na kitu kimoja cha kumfanyia mdogo wake sawasawa, nacho ni kilio chenye heshima, na mimi nilikuwa ninakivuta kutoka mkononi mwake.

Ndipo Mama Noëlla, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu Jumanne, akasema kutoka pale alipokaa chini, "Papa Grégoire, niulize kintu moja. Jean-Luc iko na baba, ao hana?"

Kwetu swali hilo lina jibu moja tu, na mtoto yeyote wa Masisi analijua. Kaka wa baba ni baba. Baba mkubwa akiwa hai, hakuna anayethubutu kumwita mtoto yatima. Grégoire aliligeukia jeneza.

"Iko naye," akasema.

"Basi baba yake amupakie poudre," Mama Noëlla akasema. "Ku kaburi. Ule mwenye kulala asikie."

Asubuhi hii Kaka Grégoire ameyasoma maandishi haya kabla hayajachapwa. Amenung'unika kuhusu ile habari ya muwa. Hakufuta kitu. Ameniomba niongeze tu kwamba yeye hajawahi kumpaka mtu poda, kwa hiyo akimwaga nyingi machoni mumvumilie.

Marehemu anaacha mjane, Mama Noëlla. Binti zake Claudette na Gaëlle. Mwanawe Jean-Luc, mwenye diploma ya Serikali. Kaka yake Grégoire na mimi dada yake. Wakwe, wapwa na mashemeji wa Bihambwe na Itebero. Walimu wa Institut Mapendano. Na wavulana ambao hatuwezi kuwahesabu, kwa kuwa yeye mwenyewe hakukubali hesabu ifungwe.

Wavulana, udongo ukishafunika, msiondoke. Fungueni makopo yenu. Jean-Luc, wewe sogea mbele, vua kofia, umsimamie baba yako Grégoire karibu.

Na wewe, kaka yangu Léonard: imetoka. Mtoto amepita. Mungu akupe sasa amani yake, ulale.