Dada Yetu na Upande wa Pili wa Karatasi

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ndiye ninayemfuata marehemu kwa kuzaliwa, familia imeniomba nisome maisha yake, imeniomba pia niwe mfupi na nisimguse mtu, ufupi nitajitahidi.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha maturubai, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa baba fundi cherehani na mama mkunga. Alianza shule ya msingi mwaka 1973, akaendelea na sekondari ya wasichana, kisha chuo kikuu, alikohitimu shahada ya historia mwaka 1990, na tangu utotoni alikuwa mbishi, akishika jambo haachii, sisi wadogo zake tulikoma.

Tarehe 3 Juni 1991 aliajiriwa katika hifadhi ya nyaraka, na tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa binti na kijana wa kiume, wote wawili mnawaona hapa.

Mwaka 2009 alikabidhiwa kazi ya kupiga picha nyaraka zote za zamani na kuziweka kwenye kompyuta, ili mtafiti popote alipo azisome bila kusafiri, na hapo ndipo alipoteleza, nalisema wazi maana mwenyewe hakulificha, kwani mashine ilikuwa moja na wakubwa walikuwa na haraka, akaagiza zipigwe pande za mbele tu. Mwaka 2016 mtafiti mmoja akampigia simu kuhusu barua ya malalamiko ya vibarua wa reli, kwamba malalamiko anayaona, walalamikaji wenyewe wako wapi, dada akashuka stoo, akaigeuza ile barua, akakuta nyuma yake majina na alama za dole gumba, akafungua masanduku mengine, yakawa hivyo hivyo, karani aliandika mbele na wenye shida zao walitia sahihi nyuma. Siku hiyo alirudi nyumbani akalala bila kula.

Akaanza upya, karatasi moja baada ya nyingine, na ofisi ikamwona msumbufu, kila alipoomba mashine ya pili aliambiwa asubiri kikao, na kikao kikaahirishwa, mpaka shemeji akawa anamtania kwamba hata kadi ya harusi anaisoma kwanza kwa nyuma. Mwaka jana ikaamuliwa kuwa jengo lina kazi nyingine na karatasi zikasagwe, maana picha zipo, dada akamwambia mkuu wake kwamba mzee wangu, zipo nusu, akajibiwa kuwa uamuzi umetoka juu, na huko juu hakuna aliyemwonyesha mlango wake. Jambo hili linatuuma, na sitajifanya haliumi.

Alianza kuugua kifua mwezi Agosti, akalazwa mara mbili, na kila tulipokwenda kumwona swali lake lilikuwa wenzake kazini wamefikia sanduku gani. Alituaga Jumanne hii, tarehe 4 Februari 2025, alfajiri, akiwa wodini, bintiye amemshika mkono, na masanduku yamebaki mengi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani mliotupikia na kutuazima viti, na mkuu wa ofisi yake, aliyekuja na shada kubwa na ameketi hapa mbele, karibu sana mzee wetu. Tunawashukuru zaidi wenzake wa chumba cha picha, ambao tangu asubuhi mnauliza mbona hawaonekani, msiwalaumu, lori la kubeba karatasi linafika leo saa nane mchana, wamejifungia stoo wanageuza na kupiga, walituomba ruhusa sisi wafiwa, na sisi tukawaambia wasithubutu kuja.

Pumzika kwa amani, dada, wenzako watakuja kukuaga wakishamaliza.